Gunia la Ushahidi

Ulikatika vipi? Unauliza kana kwamba mgongo hupiga hodi! Winchi aliinama tu kuokota kofia yake pale ghalani, kofia, si gunia la saruji, mara kitu kikamchoma kiunoni kama msumari wa moto. Akabaki vilevile, pua chini, makalio juu.

"Jamani, Winchi imekata waya!" wapagazi wenzake wakacheka. Jina walimpa wao, miaka kumi na tisa ya kubeba.

Kule zahanati, mama daktari akambonyeza, akamgonga magoti. "Mfupa mzima, baba. Misuli imeshtuka. Usilale kutwa, tembea kidogo kidogo, ukandwe kwa kitambaa cha moto. Kizito usiguse. Na ukisikia ganzi mguuni, au mkojo ukikuponyoka, ukimbizwe hospitali kubwa saa hiyohiyo." Akamwandikia cheti: kazi nyepesi, wiki tatu.

Akakipeleka ghalani akishika ukuta. Msimamizi alikuwa kitini, mto nyuma ya mgongo, anatafuna, mafuta yanamchuruzika kidevuni. Akapokea cheti, akafutia vidole.

"Desturi unaijua, mzee. Beba la ushahidi."

Ndiyo desturi ya pale. Anayesema anaumwa hubeba gunia moja toka kwenye rundo hadi mlangoni, watu wote wakitazama. Akishindwa, hafai, aende kwao. Akiweza, haumwi, arudi kazini.

"Bosi, daktari kasema..."

"Daktari anapakia lori?"

Wakacheka. Wengine wakatazama viatu vyao. Na Winchi mwenyewe, masikini, aliwacheka wangapi humohumo!

Akachuchumaa, akalikumbatia gunia kifuani, akainuka. Hatua nane. Ya tisa mguu wa kushoto ukafa ganzi, gunia likapasuka, akaanguka juu ya saruji. Suruali ikalowa.

Msimamizi akaziba pua. "Toeni uchafu huu."

Hakuna aliyeuliza uchafu upi.

Wakamrudisha kwake kwa mkokoteni. Mkewe akamkanda, kitambaa kinatoa mvuke, naye hasikii moto wala baridi.

"Si tumwahishe hospitali?" mke akauliza.

"Gari la ghala halitoki bila ruhusa ya msimamizi," akajibu kaka wa mke, kasimama mlangoni. "Naye keshaondoka. Labda kesho."

Nyusi za kaka mtu zilikuwa nyeupe kwa saruji. Dada yake akaziona, akakamua kitambaa kwa nguvu.

"Wameniita mchana huuhuu, nishike nafasi yako," kaka akasema. "Nisamehe, shemeji."

Winchi alikuwa amelala kifudifudi.

"Ukinyanyua, kunja magoti," akasema. "Lishike karibu na kifua. Na kofia ikikudondoka, iache hapohapo."

Chakula kikapakuliwa. Wakalisogeza sinia hadi kwenye shavu lake, shemeji akanawa, maji yakageuka tope la kijivu, akamega tonge la kwanza akamtia Winchi mdomoni. Ndipo wengine wakakaa kula.