Filimbi ya Shaba ya Masuguru

Nilimchukia Semboja kabla sijamwona. Sauti yake ilifika Handeni kwa WhatsApp, kwenye simu ya mke wangu: dakika moja na nusu ya filimbi nyembamba, safi, tamu mpaka inakera. Hajira aliisikiliza huku akisonga ugali. Ilipokwisha akaianza upya.

"Msikie huyu wa Korogwe," akasema. "Filimbi yake ni ya shaba, si kama hilo bomba lako."

Bomba langu! Miaka kumi na mmoja nalipuliza kwenye kikundi chetu cha ngoma. Nililikata mwenyewe kutoka antena ya televisheni, alumini tupu, refu kama mkono mpaka kiwiko, tundu lake pana kiasi cha kupitisha punje ya mahindi. Siku ileile nikaenda nyuma ya nyumba nikajirekodi, kisha nikajisikiliza kwenye simu. Nilisikia upepo na mkwaruzo tu, kama mtu mwenye mafua. Roho iliniuma, sifichi.

Na halikuwa suala la Hajira peke yake. Mwenyekiti wa kikundi alikwisha kumwalika huyo Semboja aje apulize nasi kwenye harusi ya Kerenge. Kikundi chetu kina filimbi moja tu, na anayemchagua mpulizaji ni Bibi Faudhia, mwimbishaji wetu, kwa kuwa filimbi ndiyo inayompa sauti ya kuanzia wimbo. Huko Kerenge Bibi angetusikiliza wote wawili. Mmoja angebaki, mwingine angekwenda kukaa na watazamaji. Bibi hana habari na mambo ya simu, kwa hiyo alikuwa hajamsikia Semboja hata mara moja. Mimi nilikuwa nimemsikia labda mara arobaini.

Basi nikaanza kusaka vyuma. Bomba la pampu ya baiskeli lilikuwa zito, likaniachia ladha ya misumari mdomoni. Shaba nyekundu iliyotoka nyuma ya friji bovu ilikuwa nyembamba kama mrija wa soda. Ilipiga yowe moja, kuku wakatawanyika. Shaba ya njano, ile aliyokuwa nayo mwenzangu, Handeni nzima sikuipata. Nikajiambia siri ipo hapo. Semboja si mpulizaji wa maana, ni mtu tu aliyebahatika kupata chuma kizuri.

Alhamisi nikaenda Masuguru, kwao huko Korogwe, kujionea. Nilimkuta kwenye karakana yake ya kuchomelea mageti, mwanamume mrefu, mpole, na upole wake ukanikera kuliko filimbi yake.

"Shikamoo, kaka Muhsin," akasema. "Nimekusikia kwenye ngoma nyingi. Nilikuwa nasimama kwa mbali, nakusikiliza tu."

Nikaitikia marahaba kwa shida. Tukaziweka filimbi mbili juu ya meza yake ya vyuma. Nikatoa punje ya mahindi mfukoni. Kwenye yangu ikapita, ikadondokea upande wa pili. Kwenye yake ikagoma. Ilipita choroko tu. Tena yake ilikuwa fupi kuliko yangu kwa vidole vinne. Nikaipuliza kidogo. Jamani, utamu ule! Nilitamani kuitia kwenye soksi nikimbie nayo.

"Mdogo wangu," nikasema, kwa sauti ya mtu anayetoa msaada, "tubadilishane. Hii yangu imezoea ngoma, itakufaa."

Nilijua atacheka. Badala yake aliipokea alumini yangu kwa mikono miwili, akapuliza sauti moja ndefu ya chini, akafumba macho.

"Una uhakika, kaka?"

"Chukua, chukua."

Njia nzima kurudi nilikuwa nacheka peke yangu. Kijana wa watu kaingia mkenge! Jioni Hajira alinirekodi mwenyewe, akawatumia dada zake, na mimi nikalala usingizi mnono kwa mara ya kwanza tangu aisikie sauti ya yule bwana.

Jumamosi, Kerenge, mwenyekiti akanipa nafasi ya kwanza. Nikapuliza. Wageni waliokaa jirani yangu wakageuka kwa raha. Bibi Faudhia akafungua kinywa kuidaka sauti ile, na sauti yake ikakatika. Ilikuwa juu mno. Bibi ana miaka sabini na miwili. Akajaribu tena, mishipa ya shingo ikamsimama, kikohozi kikamshika. Wanawake waliokuwa nyuma yake wakatazamana, hawajui waitikie nini. Nikapunguza pumzi, nikitafuta sauti ya chini. Filimbi ile haikuwa nayo, na hicho kidogo ilichokitoa kilimezwa na ngoma.

Bibi akainua mkono. "Yupo mwingine?"

Semboja akapuliza. Sauti ikatoka nene, ya chini, ikapenya chini ya ngoma zote, na Bibi akaingia juu yake bila kujikamua, kama alivyoingia miaka yote kumi na mmoja. Wanawake wakaitikia. Vumbi likapanda. Hapo ndipo nilipoisikia filimbi yangu kwa mara ya kwanza nikiwa nimesimama kwa mbali. Ile simu, na kispika chake kidogo kama kifungo, ilikuwa imenimezea sauti zote za chini, na mimi nikaiamini.

Wimbo ulipokwisha nilimfuata Bibi. "Bibi, filimbi ile ni yangu."

"Naijua." Alijifuta midomo kwa ncha ya khanga. "Nilidhani uliikata vile kwa ajili yangu. Kila mwaka nazeeka, wewe hunipandishi. Nikawa nawaambia wenzangu, Muhsin ananionea huruma, ananibeba." Akanitazama. "Leo nimejua hukuwahi kunisikiliza."

Na ilikuwa kweli. Akanipita, akaenda kumwuliza Semboja kama Jumatano, siku yetu ya mazoezi, anaweza kufika Handeni.