Meko ya Katikati ya Ukumbi

Emmot alipomkabidhi shamba mwanawe Hamo, alitaka jambo moja tu mbele ya baraza la bwana mwenye ardhi: nafasi yake kando ya moto, hadi siku atakayobebwa kwenda kaburini. Hamo aliapa. Na sasa Hamo huyohuyo ndiye aliyetaka kuuhamisha moto.

"Jimbo zima la Suffolk wanajenga dohani za kutolea moshi, mama. Sisi tu tunakaushwa moshini kama paja la nguruwe."

"Umeona wapi paja la moshini likaoza?"

Sabin, mkewe Hamo, aliinama asije akacheka, kikohozi kikambana. Kilikuwa hakimwachi tangu ajifungue, na sasa hata kichanga kilianza kukohoa.

Emmot akatazama juu. Zile nguzo za mwaloni, marehemu mumewe Thurstan alizichonga zingali mbichi, akazitia alama kwa patasi ili kila kiungo kimjue mwenzake. Majirani walizisimamisha kwa kamba na vigingi vya mti, bila msumari, naye Emmot akiwapelekea bia huku mimba ya Hamo ikimtangulia. Kuta za fito na udongo alizikandika yeye mwenyewe kwa mikono yake. Dari haikuwapo, moshi ulijipandia taratibu, ukazizunguka boriti zilizokwisha kuwa nyeusi, ukapenya kwenye mabua ya paa. Chini yake yalikuwa meko, katikati ya ukumbi, watu wameyazunguka, kila mtu anamwona mwenzake usoni. Hapo ndipo Emmot alipokuwa akijua nani kagombana na nani, nani ana mimba, kabla hawajafumbua mdomo.

Kichanga kikakohoa tena.

"Haya, jenga," akasema. "Lakini kiapo ni kiapo. Nafasi yangu naitaka."

"Utakaa mbele kabisa, mama."

Mafundi wakaja na matofali, wakaipandisha dohani ukutani. Jioni ya kwanza moto ukawaka humo vizuri, moshi ukaenda zake. Sabin akapakua mchuzi wa njegere. Kila mtu akachukua bakuli na kigoda chake, akaenda kukaa. Walikuwa wamemaliza nusu ya mchuzi Hamo aliponyoosha mikono aote.

Gerbot, mtumishi wao, akaangalia chini. "Jamani, tunaota nini hapa? Udongo?"

Walikuwa wamekaa duara, wameyazunguka meko baridi, moto uko kule ukutani. Emmot alicheka mpaka akafuta macho. Kisha kicheko kikakatika, na hakuna aliyethubutu kuinuka. Walimngoja yeye.

Akabeba kigoda chake hadi kwenye dohani, akasimama akipima. Wakijipanga hapa wote watautazama moto, na yeye ataambulia kuona masikio yao tu. Basi akakiweka kigoda karibu na moto, akaupa mgongo, akageukia ukumbi.

"Mama, utaungua!" Sabin akapiga kelele.

"Mgongo uote, macho yangu yana kazi. Njooni mkae hapa mbele yangu. We Hamo, sogea huko, unamziba mkeo."