Nati ya Chini ya Injini

Katika ukoo wetu anayetaka hadithi huletwa kwangu, na anayetaka ukweli huambiwa aulize nyumba ya pili. Nimewaapia wajukuu kwamba gari la marehemu baba lilishindana na treni likashinda, tena kinyumenyume, baba amesinzia kwenye usukani. Wanacheka, nami naongeza chumvi. Lakini ipo hadithi moja ya gari lile niliyoisimulia miaka arobaini na moja, harusini na misibani, na leo nikiikumbuka natamani ardhi inimeze.

Ni ile ya jinsi mdogo wangu wa kike alivyoua injini.

Alikuwa na miaka kumi na tisa na leseni ya wiki mbili. Baba alimpa funguo aende kumchukua shangazi kituoni. Gari lilirudi likivutwa na lori. "Taa nyekundu iliwaka kwenye dashibodi, nikazima injini palepale," alisema huku analia. Kabla baba hajanena, nikadakia: taa gani, alikuwa amefungulia redio mpaka mwisho, moshi umepanda mpaka kunguru wanakohoa! Watu wakaangua kicheko. Baba hakucheka. Alilisukumia gari bandani, akalifunika turubai, akasema halitengenezwi, libaki pale limkumbushe. Mdogo wangu hakushika usukani tena.

Mwaka huu, naye keshastaafu ualimu, akaja na fundi.

"Kaka, nalifufua. Nililiua mimi, nitalifufua mimi. Leseni mpya ninayo. Sitaki kuzeeka na jambo hili kifuani."

"Utazeeka lini tena, bibi wewe?"

Akanipiga kofi la bega. Nilicheka, lakini nikatupa jicho bandani, maana fundi yeyote mwenye macho akiingia chini ya gari lile angeona kitu.

Fundi tulimwita Taratibu, kwa kuwa hilo ndilo jibu lake kwa kila swali. Tulivuta turubai, vumbi likatufunika sote. Kuku walikuwa wametaga kwenye kiti cha nyuma. Panya waligeuza sponji za viti kuwa mji kamili, nadhani walikuwa na mwenyekiti na katibu. Taratibu alitoa plagi, akamimina oili nyepesi kwenye silinda, akaiacha siku nne. Siku ya tano akaizungusha injini kwa spana: robo, nusu, mwisho mzunguko mzima. Kisha akaingia chini, akafungua sampu, lile karai linalobeba oili, akatoka nalo.

"Mama, nani alikwambia injini hii imekufa?"

"Ukoo mzima."

"Imeganda kwa kutu ya kukaa tu. Ndani haina mkwaruzo wa maana. Aliyekuwa anaendesha alizima mapema, tena ana akili. Hii ingetengenezwa siku ileile." Akaligeuza karai, akatuonyesha tundu ambamo nyigu walikuwa wamejenga kinyumba cha udongo. "Ila nati ya kuziba hapa iko wapi? Oili yote ilitokea hapa. Kuna mtu alibadilisha oili, nati akaikaza kwa vidole, spana akasahau."

Mdogo wangu akanigeukia. "Kaka, si wewe uliyekuwa unambadilishia baba oili?"

Uongo ulinijia umeshavaa viatu: panya! Panya wameibeba! Safari hii nikauacha. Nikaingia ndani, nikavuta kopo la dawa ya viatu chini ya kitanda, nikarudi nikalifungua, nikamwekea mkononi nati iliyokuwemo.

"Asubuhi ile nilikuwa naikaza, jirani akapita, nikaanza kumsimulia habari za treni. Nikasahau. Kesho yake nilitembea njia yote uliyopita, nikaiokota kwenye changarawe."

Akaangua kicheko. "Jamani, huyu! Fundi, umemwona? Anataka kunifariji, kaenda kuokota nati mtaani! Kaka, hii kali kuliko ya treni."

Nikaapa. Akazidi kucheka, mpaka akajifuta machozi kwa kanga.

Taratibu alinyoosha mkono. Alichukua nati, akaifuta kwa kitambaa, akabomoa kinyumba cha nyigu, akaizungusha kwa vidole. Ikaingia mpaka mwisho bila kugoma.

Kicheko kikakatika.

"Uliiokota saa ngapi?"

"Alfajiri."

"Kwa hiyo asubuhi ile nalia jikoni, ukaja kunimiminia chai..."

"Ilikuwa mfukoni."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alichukua mkoba wake akaondoka, na siku tisa hakupokea simu yangu. Fundi aliendelea na kazi. Mimi nilikwangua kutu kwa msasa mpaka vidole vikatoka damu. Kidogo tu, si ndoo mbili.

Siku ya kumi akaja na karatasi. Taratibu alimpisha kwenye usukani. Gari lilikohoa, likapiga chafya, likatoa moshi mweusi, kisha likanguruma. Nikafungua mlango wa mbele.

"Nyuma," akasema.

Nikakaa palipotagwa mayai.

Karatasi ilikuwa na orodha ya nyumba kumi na moja, zote zilizowahi kucheka. Ya kwanza ilikuwa kwa shangazi yetu, yule yule aliyengoja kituoni mpaka jioni. Siku hizi masikio yake mazito.

"Utashuka, utasema yote, tena kwa sauti," mdogo wangu akaniambia, akibaki kwenye usukani, dirisha wazi. "Ukiongeza kitu, napiga honi."

Shangazi alitoka mlangoni na fimbo yake.

"Shangazi," nikapaza sauti, majirani wakachungulia, "si yeye aliyeua gari la baba. Ni mimi. Nilisahau kukaza nati, ikadondoka njiani. Nikaiokota, nikaificha. Siku ile mvua ilikuwa inanyesha, shangazi, mvua ya mawe, kila jiwe kama—"

Honi ikalia.

"Hakukuwa na mvua," nikasema.

Shangazi alimtazama mdogo wangu pale garini. Kisha akanigeukia mimi, kiganja sikioni.

"Na baba yenu? Alikuja kuujua ukweli huu?"

"Hakuujua. Alikufa anaamini maneno yangu."

Nikasimama pale nikiomba honi inikatize. Haikulia.