Somo la Sayansi katika Ghala la Ngozi

Ni kitu gani kinachoweza kuwafanya mbuzi kumi na mmoja watupe mimba katika wiki moja?

Yurub, mdogo wangu, aliniuliza swali hilo asubuhi ya kwanza ya masomo. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, na alikuwa na tabia ya kungoja jibu bila kupepesa macho. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili wa ualimu, na sikuwa na jibu. Nilimwambia kwamba swali linalomshinda mwalimu haliachwi lipotee, nikaliandika kwenye kona ya ubao, kisha tukaendelea na hesabu.

Ilikuwa Desemba ya mwaka 1997. Mvua iliyoanza Oktoba ilikuwa haijakatika, na Griftu ilikuwa imegeuka kisiwa. Chuo chetu Nairobi kilikuwa kimefungwa baada ya mgomo, nami nilifika nyumbani kwa lori mojawapo kati ya yale ya mwisho kupita barabara ya Wajir. Lori lilelile, lilipogeuza, liliwachukua walimu waliotoka Kenya, kama tunavyosema huku kwetu, kana kwamba sisi tuko nchi nyingine. Madarasa ya shule yalijaa familia zilizofukuzwa na maji. Yurub alitazamiwa kuingia darasa la nane Januari, na mtihani haungoji barabara ikauke. Kwa hiyo nilimwendea adeer Kulow, mdogo wa marehemu baba yetu, ambaye ndiye aliyetulea, nikamwomba ghala lake la ngozi liwe darasa la watoto wa boma letu.

"Chukua," alisema. "Ngozi zenyewe zimeoza. Unataka nini tena?"

"Dirisha, adeer."

"Ngozi hazikuwahi kulilia dirisha."

"Ngozi hazisomi."

"Hata hao wako hawasomi, adeer," alinijibu, kwa maana kwetu ndugu wa baba humrudishia mtoto mwito uleule anaoitwa. "Lakini nitatoboa."

Alitoboa bati kwa shoka, akakunja kingo zake ili zisimkate mtoto. Nilifanya kazi siku nne. Nilikwangua chumvi na damu kavu iliyokuwa imeingia katika nyufa za sakafu, nikapaka kuta chokaa, nikageuza mlango mkuukuu kuwa ubao kwa kuupaka masizi yaliyochanganywa na unga wa betri za redio. Viti vilikuwa mbao zilizolazwa juu ya mikebe ya mafuta ya msaada. Chaki nilipewa na Mwikali, muuguzi wa zahanati, Mkamba, mgeni pekee aliyekataa kupanda lile lori; zilikuwa vipande vya plasta ya kufungia mifupa. Nyuma ya kalenda kuukuu niliandika ratiba kwa wino wa rangi mbili: hesabu, Kiswahili, Kiingereza, sayansi, chakula cha mchana. Niliamini, na niliamini kwa dhati, kwamba mtoto aliyefundishwa nyumbani kwa upendo na mpango angeweza kumshinda yule wa shule yoyote ya Nairobi.

Ayeeyo Osob, nyanya yetu, alifukiza ubani humo siku tatu. Harufu ya ngozi haikutoka. Kila jua lilipopasha bati, ilirudi.

"Ghala hili limekula ngozi maelfu," alisema akicheka. "Sasa limeletewa watoto."

"Litakula ujinga, ayeeyo."

"Basi lianze na wako."

Watoto walikuwa sita: Yurub, kisha wanne wa adeer Kulow, ambao mkubwa wao alikuwa Khalif na mdogo Fathi mwenye miaka saba, na binti mmoja wa jirani aliyeitwa Sirad. Walijifunza kwa njaa ya watu waliokatazwa. Nje, mbu walisimama juu ya maji kama moshi usiopanda. Mbuzi walitembea wakichechemea, pua zikitoka uchafu, na kila siku kulikuwa na mmoja aliyepiga magoti asiinuke. Hapo adeer alikimbia na kisu. Mnyama aliyekufa mwenyewe ni haramu, lakini aliyewahiwa huku roho ingali ndani ni riziki, na mtu mwenye watoto wengi haachi riziki iingie matopeni. Kisu chake kilikuwa kikishindana na kifo, na kila kilipotangulia, tulikula. Mimi mwenyewe ndiye niliyetaka watoto walishwe nyama hiyo darasani, ili wasitawanyike mchana. Nyama haikuwahi kukosekana, na hilo peke yake lilipaswa kuniogopesha.

Jumanne ya wiki ya pili, mbuzi mweupe alitupa mimba hatua chache kutoka mlangoni kwetu. Nilikuwa nimekusudia kufundisha viungo vya mwili kwa kuvichora. Nilipokiona kile kijusi, kimekamilika, kwato zake laini kama nta, nilikumbuka maneno ya mhadhiri wetu kwamba mtoto hujifunza kwa mkono kabla ya kujifunza kwa sikio. Nilikifunga katika karatasi ya nailoni, nikakilaza mezani, nikatoa wembe.

Watoto walinizunguka. Sirad aliziba pua.

"Mwalimu, tutakipika?" Khalif aliuliza.

"Tutakisoma."

"Mbona hakina herufi?" alisema, na wote wakacheka, hata mimi.

Nilipasua. Nilitaja moyo, wakataja moyo. Nilitaja mapafu na figo. Kila kiungo nilimpa mtoto mmoja akishike, akizungushe kwa wenzake, akirudishe. Yurub nilimpa ini, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa bora. Lilikuwa na madoadoa ya manjano, na alipolibonyeza kidogo lilimeguka kiganjani mwake kama udongo uliolowa.

"Dada, ini huwa hivi?"

"Ini la mtoto ni laini," nilisema. "Halijakomaa."

Niliyasema hayo kwa sauti ya mtu aliyesoma. Sikuwa nimeyasoma popote. Yurub aliyaandika katika daftari lake, akayapigia mstari. Tulinawa kwa maji ya bwawa lililopakana na zizi, na saa sita tulikula.

Jumamosi Yurub hakuinuka. Aliomba niliweke shuka dirishani kwa sababu mwanga ulikuwa unamchoma nyuma ya macho. Ngozi yake ilikuwa moto, na alilalamika kwamba mgongo wake ulikuwa kama uliopigwa. Ayeeyo alisema ni jicho la watu, kwa kuwa binti huyu alikuwa amesifiwa mno. Mimi nilisema ni malaria, nikampa vidonge, nikarudi darasani kuwafundisha waliobaki watano.

Jumapili, alipotema mate, yalikuwa na uzi mwembamba wa damu. Nilikwenda zahanati nikivuka maji yaliyonifika kiunoni.

Mwikali alikuwa ameketi kwenye ngazi na viatu vya mpira, daftari likiwa magotini. Nyuma yake, ndani, kulikuwa na mikeka, na juu ya mikeka watu waliolala wakiwa wamefunika nyuso zao mwanga usiwafikie. Nilielewa kabla hajasema lolote, lakini sikutaka kuelewa.

"Mwalimu, usiingie," alisema. "Nani anaumwa?"

Nilimweleza. Hakuuliza juu ya mbu wala juu ya vidonge. Aliuliza, "Alishika nini?"

"Unamaanisha nini?"

"Wamekufa watatu tangu Alhamisi. Wa kwanza alikuwa mchinjaji. Wa pili ni mama aliyemsaidia ng'ombe kuzaa, akamvuta ndama mfu kwa mikono. Wa tatu alichuna ngozi. Hawa waliolala humu nimewauliza mmoja mmoja. Sijui ugonjwa huu unaitwaje, na redio ya upepo imenyamaza tangu juzi. Ninachojua ni kwamba kila mmoja alikuwa na mikono ndani ya mnyama. Sasa niambie, mtoto wa shule alishika nini?"

Mvua ilikuwa imeanza tena. Niliitazama ikidunda juu ya maji, nikasema, "Ini. Nilimpa mimi."

Mwikali alifunga daftari. Hakunikemea, na nilitamani anikemee.

"Wengine walishika?"

"Wote sita."

"Basi twende," alisema, akachukua mkoba wake.

Tulipofika bomani, watu walikuwa wamekusanyika ndani ya darasa langu. Kwetu mtoto anapozidiwa hutolewa sadaka: mnyama huchinjwa, Kurani husomwa, na watoto ndio hulishwa kwanza, kwa kuwa dua zao hazina doa. Adeer Kulow alikuwa amechagua ghala kwa sababu ndilo lenye paa pana lisilovuja. Sheikh Abdinur aliketi chini ya ubao, na wanaume wawili wa jirani pembeni yake. Watoto watano walipangwa kwenye mbao zao, wamevaa kofia na shungi safi, wakingoja. Yurub alilazwa kwenye kona, uso kuelekea ukutani. Katikati ya chumba alisimama kondoo jike, kamba shingoni. Macho yake yalikuwa yakitoka machozi mazito, na miguu yake ya nyuma ilitetemeka. Nilimtambua. Alikuwa ametupa mimba juzi.

"Umefika wakati mzuri, adeer," alisema baba yangu mdogo, uso wake ukiwa umechoka kuliko nilivyowahi kuuona. "Wazuri wote wamekufa. Huyu bado anasimama. Nataka tumwahi."

Mwikali alisimama mlangoni, akasema kwa Kiswahili, "Mzee, tafadhali usimkate huyo."

"Sista," adeer alijibu, akibadili lugha kwa shida, "hii nyama ni halali. Kisu nabita mbele ya kifo. Wewe naogoba nini? Mtoto yangu nakufa, mimi kaa tu?"

"Mzee, ugonjwa uko ndani ya damu yake. Nafikiri uko ndani ya damu yake."

"Nafikiri," alirudia mmoja wa majirani kwa Kisomali, akicheka kidogo. "Serikali imetuletea nafikiri."

Ayeeyo Osob alinigeukia. "Mwambie mgeni wako sadaka haikatizwi. Huyu mtoto ameungua siku mbili. Au chuo kimekufundisha kumwombea mdogo wako kwa chaki?"

Adeer alikuwa amekwisha kumlaza kondoo ubavu, amemwelekeza kibla, na Khalif, akijiona mkubwa, alikuwa amepiga magoti kushika miguu ya mbele kwa mikono mitupu. Fathi alisogea mbele ili aone vizuri, kama alivyokuwa amesogea Jumanne. Nilitambua kwamba wote wawili walikuwa wakifanya hasa kile nilichowafundisha.

Nilitambua pia jambo lililokuwa mbele yangu. Mwanamume huyu alinilipia karo tangu darasa la tano. Katika maisha yangu sikuwahi kumpinga mbele ya wageni, na binti anayefanya hivyo kwetu hupoteza kitu ambacho hakirudi. Ningeweza kumwacha Mwikali aseme peke yake, kisha lawama ingebaki kwake, mgeni asiyeelewa sadaka. Yurub alikohoa kwenye kona. Alijaribu kugeuza kichwa, mwanga ukamzuia.

Nilimshika Khalif begani nikamwondoa. Nikamwondoa Fathi. Kisha nilisimama kati ya kisu na kondoo, nikasema kwa Kisomali, polepole, ili hata sheikh asiyesikia vizuri anisikie.

"Adeer, kondoo huyu hachinjwi. Akifa, afe mwenyewe, na hakuna mtoto wa chumba hiki atakayemgusa wala kula nyama yake. Jumanne niliwapa watoto hawa sita kijusi cha mbuzi mikononi, nikawaambia mambo nisiyoyajua. Yurub hakupigwa jicho. Aliugua kwa sababu ya somo langu. Darasa nimelifunga leo. Sista atabaki hapa na watoto, naye ndiye mtakayemsikiliza juu yao. Mimi natoka sasa kwenda nyumba kwa nyumba, Griftu nzima, kuwaambia watu waache kuwachinja wanyama wanaoumwa, na kila nyumba nitaanza kwa kueleza nilichomfanyia mdogo wangu. Ukitaka kunifukuza bomani mwako, nifukuze nikirudi."