Waliombeba Khalfani

Khalfani alifariki alfajiri ya Jumanne, na nyumba yake ilikuwa karantini. Kwa hiyo hapakuwa na wa kumbeba.

Daktari alisema ni presha, si mafua ya ndege. Haikusaidia. Utepe mwekundu na mweupe ulikuwa umeshazungushwa kwenye ua wake wiki iliyopita, bwana mifugo Gaudens alipokuja na vijana waliovaa barakoa na mabuti, wakawanyonga kuku wa mayai wote themanini, wakawafukia nyuma ya choo na kuwamwagia chokaa. Ugonjwa ulitoka kwenye shamba kubwa la mheshimiwa mmoja. Vibarua wake walikuwa wakitupa mizoga kwenye korongo linalopita nyuma ya nyumba ya Khalfani. Bunju nzima ilijua. Shamba lile halikuzungushiwa kitu. Gaudens alieleza kwamba utepe uliisha.

Mwanaheri, mke wa marehemu, na mtoto wao wa pekee, Anwar, walimwosha wenyewe na kumvika sanda. Shekhe alileta jeneza la msikiti, akalisukuma chini ya utepe kwa mguu, akaenda kunawa. Majirani walijipanga ng'ambo ya barabara, wameziba pua kwa kanga na barakoa. Khalfani alikuwa hakosi msiba wa mtu. Iwe mvua, iwe jua, bega lake lilikuwa la mbele. Wengi wa waliosimama pale alikuwa amewabebea wazazi wao.

"Mama Anwar, pole sana," jirani yake, Mama Brightson, alipaza sauti. "Sie tuko pamoja na wewe."

"Pamoja wapi?"

"Kimoyomoyo, mwaya."

"Na jeneza mtalibeba kimoyomoyo?"

"Usiseme hivyo. Mie nina watoto wadogo."

"Mkweo alikuwa mzito kama gunia la saruji, na kaburi liko mlimani. Nani alishika mbele?"

Mama Brightson alirekebisha barakoa. Mumewe aliangalia simu.

Walimsalia vivyo hivyo, maiti ndani ya utepe, safu nje. Sala ilipokwisha, kuku walitoka shimoni.

Walitoka mmoja mmoja, shingo zimelala upande kwa kunyongwa, wakajikung'uta chokaa na kwenda moja kwa moja kwenye jeneza. Anwar aliondoa baadhi ya matofali yaliyolishikilia, ili wapate pa kuingilia chini yake. Kubanana walikuwa wamezoea. Jeneza liliinuka, kiasi cha shubiri moja kutoka ardhini.

Gaudens alikuwa ndiyo kwanza anashuka kwenye pikipiki.

"Hawa si ndio niliowafukia?"

"Ndio hao hao," alisema Mwanaheri.

Gaudens alifikiri. "Basi hawahitaji kibali. Kibali ni cha kuku hai."

Akawapitisha kwenye beseni la dawa getini, wakalowesha miguu, wakatoka. Anwar alipotaka kuwafuata, Gaudens alimwekea mkono kifuani, mkono wenye glavu.

"Wewe hapana. Wewe ni mzima."

"Huyo ni baba yangu. Mie ndiye wa kumpokea kaburini."

"Pole sana, braza. Sheria sikutunga mimi."

Mwanaheri alimshika mwanawe shati. Wakatazama wakiwa nyuma ya utepe.

Watu walisogea pembeni na kusema maneno yanayosemwa. Wanaume wawili watatu walinyoosha mikono waguse jeneza, kama ilivyo desturi, kisha wakairudisha mifukoni. Lilikuwa chini mno, wangelazimika kuinama. Kwenye barabara kubwa msafara ulisimama kupisha lori la mheshimiwa lililojaa trei za mayai yanayokwenda mjini. Dereva alizima redio kwa heshima.

Shekhe alimsimulia Mwanaheri baadaye kwamba kuku kumi walishuka kaburini kumpokea, wakamlaza kwa ubavu wa kulia bila kukosea. Udongo waliurudisha kwa kuchakura. Jioni walipita tena mtaani wakiwa na jeneza tupu, wakaliacha msikitini, wakarudi shimoni kwao na kujifukia.

Karantini ilipoondolewa majirani walikuja na sukari na unga. Walimshika Mwanaheri mkono, wakakaa mkekani, wakasifu mazishi yalivyokwenda vizuri. Mama Brightson alisema kuku wale walikuwa na adabu kuliko watu wengi. Mwanaheri alimmiminia chai.

Mheshimiwa hakuja. Vibarua wake walikuwa bado wanatupa vitu korongoni.

Katika mtaa ule hakuna jirani hata mmoja aliyeugua. Aliyekosekana ni Khalfani. Walikosekana kuku themanini, ambao hawakulipwa fidia kwa sababu shimo, alisema Gaudens, lilipokaguliwa siku ya mazishi lilikutwa halina mizoga ya kutosha. Na Anwar alihamia Kurasini, anabeba mizigo bandarini. Hubeba chochote anachopewa. Akikutana na jeneza njiani, huvuka ng'ambo.