Utomvu wa Mnyaa

Shangazi alikuwa na jicho moja tu la kuonea. La pili lilipofuka tangu ujana wake, na hilo lililobaki lilikuwa na kazi mbili: kutafuta makosa ya watu na kulea mimea ya miiba. Banda lake la vioo nyuma ya nyumba lilijaa madungusi, marefu kwa mafupi. Asubuhi hiyo, baridi ikiwa imekwisha, dungusi lililokaa miaka tisa bila hata tumba lilifungua ua la zambarau. Kufika mchana lingenyauka, kwa hiyo binti wa kaka yake, mpiga picha za arusi, aliitwa mbio.

"Piga utakavyo, ila huo mnyaa ulio kando yake usiuguse," Shangazi alimwonya. "Hauna miiba, ndiyo maana watu wanaudharau. Utomvu wake mweupe unapofua macho."

Binti aliitikia. Shangazi alipoingia jikoni kuzima jiko, tawi la mnyaa likawa linatia kivuli kwenye ua. Watu wa kamera hawavumilii kitu kiwaharibie picha. Huyu aliwahi kumsogeza mama mkwe wa watu mbele ya keki. Akalivunja tawi, akalificha nyuma ya chungu, akajipangusa vidole kwenye suruali na kuishika tena kamera. Yeye huchungulia akiwa na miwani usoni, kwa hiyo jicho lake haligusi mpira ulio kwenye tundu la kuchungulia.

"Hebu na mimi nilione," Shangazi alisema akirudi, akainama na kubandika jicho kwenye kamera. "Lo! Limependeza, jamani."

Alipoinua kichwa, binti akaona ule mpira wa kuchungulia umepakwa kitu cheupe.

Alijua ni nini, na bado hakusema. Mtu mzima na kazi yake, aliogopa kugombezwa kama mtoto aliyevunja kikombe. Shangazi alikuwa anafikicha jicho.

"Vumbi hili." Akafikicha tena. "Mbona linawaka hivi? Mwanangu, linawaka!"

"Ni mnyaa, Shangazi! Nimeuvunja!"

Alimkokota hadi bombani, akamfungulia maji usoni. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, husemwa. Safari hii aliyekuwa anaumia ni mkuu mwenyewe.

Zahanatini, muuguzi alimwosha tena, kisha akauliza, "Tangu utomvu uingie mpaka mkatia maji, ulipita muda gani?"

"Papo hapo," Shangazi aliwahi kujibu, macho ameyafumba. "Huyu mtoto ni mwepesi."

Shangazi alikuwa anajua. Alijua nani alisimama kimya wakati yeye anafikicha, na alikuwa anamfichia binti aibu kwa gharama ya jicho lake la mwisho. Muuguzi alikwisha kuinua chupa ya maji airudishe kabatini.

"Si papo hapo," binti alisema. "Nilinyamaza. Alilifikicha mara mbili namtazama."

Muuguzi alimkazia macho, akaishusha chupa. "Basi tunaanza upya. Alale chali."

Shangazi hakugomba, na hilo ndilo lililomtisha binti kuliko yote. Maji yalipoanza kumwagika alipapasa hewani, akaukosa mkono wa binti, akapapasa tena mpaka akaukamata.

"Sema kitu, mwanangu," alisema. "Ukinyamaza sijui kama upo."