Malaika Mikononi mwa Kibonge

Msusi alikuwa ameshika vichwa vya karibu nusu ya wanawake wa mtaa ule, na hakuna kichwa kilichowahi kumtisha mpaka aliposhika cha mdogo wake.

Huyo mdogo wake waliishi naye chumba kimoja nyuma ya saluni. Tangu utotoni walimwita Kibonge, jina alilobandikwa na shangazi yao, mwanamke mwenye mapenzi tele na mdomo usio na breki. Siku ya harusi ya binamu yao, shangazi alipaza sauti mbele ya umati: "Kibonge mwanangu, kaa polepole, viti ni vya kukodi!" Watu wakacheka hadi machozi. Kibonge naye akacheka. Ila sahani yake siku hiyo ilirudi jikoni kama ilivyokuja.

Tangu hapo akawa mtu wa "nimeshakula kazini." Akikaa mezani, chakula hukisafirisha tu, kutoka upande huu wa sahani hadi ule. Jua likiwaka, yeye kavaa sweta. Hedhi ilikatika, akanyamaza. Na kadiri alivyokonda ndivyo sifa zilivyomiminika. "Umependeza! Unatumia dawa gani, utugawie na sisi?" waliuliza wateja. Shangazi akatoa hukumu: "Sasa ndiyo umekuwa mwanamke." Kila sifa ilikuwa kuni juu ya moto, na hakuna aliyejua kinachoungua ni nini.

Jumamosi moja Kibonge aliketi chini ya mikono ya dada yake asukwe. Kitana kilipopita, nywele zikaja nacho, fungu zima, bila hata kuvutwa. Msusi akazificha kiganjani. Kisha akaupandisha mkono wa lile sweta, akaganda. Mkono mzima, kuanzia kiwiko hadi kifundo, ulikuwa umeota malaika, vinyweleo laini, vingi, kama vya mtoto aliyezaliwa jana.

"Mdogo wangu, haya ni nini?"

"Niache, dada." Akainuka kwa hasira, akaanguka.

Hapakuwa na muda wa kushauriana. Mteja aliyekuwa akisubiri, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama wima, akamshika Kibonge upande wa pili, wakambeba hivyo hivyo hadi hospitali. Njia nzima watu hawakujua wamshangae nani.

Daktari, mama wa makamo, alimpima, akamsikiliza moyo kwa muda mrefu. Akawaambia huo ni ugonjwa unaoanzia akilini na kuula mwili. Si ujeuri, si kuringa, wala si kurogwa. Mgonjwa hujiona mnene hata akibaki mifupa.

"Na haya malaika?" Msusi akauliza.

Daktari akaushika ule mkono taratibu. "Mafuta ya kumtia joto yamekwisha. Kwa hiyo mwili umemwoteshea blanketi. Moyo nao umepunguza mwendo, ubane kidogo kilichobaki."

Msusi alihisi vinyweleo vyake mwenyewe vikimsimama. "Yaani mwili wake unampigania?"

"Usiku na mchana. Haujapumzika."

Kibonge akautazama mkono wake kana kwamba ni wa mgeni aliyemtendea wema. "Mimi nauchukia," akasema kwa sauti ndogo, "wenyewe unanifunika." Ndipo akalia.

Msidhani mambo yalinyooka hapo. Alilazwa, akatoka, akawa anaenda kwa mshauri kila wiki. Kuna siku Msusi alikuta vipande vya mkate vimefichwa chini ya godoro. Shangazi akaja juu: "Kwani kula ni kazi?"

"Kwake ni kazi, shangazi. Tena ngumu kuliko yangu na yako. Na lile jina tuliache."

Shangazi alikaa kitako, akajifuta uso kwa upande wa kanga. "Nilidhani ni utani," akasema.

Adhuhuri moja ndugu hao wawili walikuwa peke yao. Mezani palikuwa na yai la kuchemsha na chai. Mdogo mtu alilimenya, akalitia chumvi, akaliweka chini. Akalishika tena. Jasho likamtoka. Akang'ata. Akatafuna muda mrefu, macho kayafumba, kama mtu avukaye mto wenye nguvu. Akameza.

Msusi hakuthubutu hata kukoroga chai yake. Alikuwa ameona watoto wakizaliwa na wazee wakikata roho, lakini hajawahi kukaa karibu hivyo na ujasiri.

"Linatisha," mdogo wake akasema, akifumbua macho.

"Najua."

"Hujui, dada."

"Kweli, sijui," Msusi akakiri.

Mdogo wake akavuta pumzi, akang'ata tena.